Redio Iliyopigwa na Baridi

Enzi zetu pale Iyunga, Juni ikiingia, kila kitu kilivikwa. Sisi watoto tulivikwa masweta, viti vilivikwa vitambaa, na redio ilivikwa kuliko sisi wote. Ilikuwa redio kubwa ya mbao, ya umeme, na Mama aliifumia vitambaa juu, nyuma na ubavuni, mpaka matundu yake ya kupumulia yakazibwa yote. Vijana wa leo, wanaopiga picha kila ugali wanaokula, hawataijua raha ya majirani kujaa sebuleni kwenu kutazama sauti.

Mwaka ule Mjomba Ambakisye, mdogo wake Mama, alikuwa jeshini, mbali, na barua zake zilikuwa zimekatika. Kila Jumapili alasiri redioni zilisomwa salamu za askari kwa ndugu zao. Mama alisikiliza huku midomo ikimcheza, akisubiri jina moja tu. Na kila Jumapili, salamu zikikolea, redio ilikwaruza, ikanyamaza.

Baba, bingwa wa kila kitu ambacho hajawahi kukifungua, alitoa hukumu: "Mwe! Hii imepigwa na baridi." Tukaifunga blanketi, tukaisogezea mbaula yenye mkaa. Ajabu, ikazidi kunyamaza mapema! Baba akaagiza blanketi la pili. Alisema dawa haikatizwi njiani.

Jumapili iliyofuata redio ilinyamaza mtangazaji akiwa ndiyo kwanza anaanza majina ya watu wa Mbeya. Mama akainuka, akaigusa, akaruka.

"Baba Sekela, huyu hana baridi. Anaungua!"

Akavuta mablanketi, vitambaa vyake vyote chini, akachukua ungo akaipepea kwa nyuma, kwa hasira, jasho likimtoka na baridi yote ile. Baada ya muda redio ikakohoa, ikasema: "...Ambakisye, anamsalimu dada yake wa Iyunga. Yeye ni mzima wa afya."

"Ndaga, ndaga," Mama akalia, akimshukuru mtangazaji asiyemsikia. Hakuacha kupepea mpaka kipindi kilipokwisha.

Juzi nilikuwa naongea kwa video na mwanangu aliye ughaibuni. Kompyuta yangu ikaunguruma, ikachemka. Feni yake imekufa. Mwanangu, msomi wa mambo hayo hayo, akanipa utaalamu wa kizazi chake: "Zima tu, mama. Tutaongea hata mwezi ujao. Halafu ununue nyingine."

Nikazima. Mama yangu asingezima.