Mchanga wa Maharusi wa Baraka

Kinyozi wa soko la mji wetu wa Baraka ndiye aliyeniambia, wembe ukiwa shingoni mwangu, kwamba yule mama anayetunza nyumba ya wageni kando ya ziwa anakusanya mchanga waliokanyaga maharusi. Anauchota asubuhi, umande haujakauka, anautia kwenye ndoo, na ndoo zinavuka ziwa mpaka Kigoma. Huko wanawake ambao ndoa zao zimepoa wanautandaza chini ya kitanda. Joto linahamia kwao, na nyinyi mliofunga ndoa mnabaki na baridi yenu. Mtu mwenye wembe shingoni habishi, ni kweli, lakini mimi sikunyamaza kwa kuogopa wembe. Niliamini kabisa, na cheti cha shule ya jioni nilikuwa nacho tayari.

Mke wangu alikuwa amerudi kwao Fizi, juu milimani, mwezi wa pili sasa, na mimi nilikuwa natafuta mwizi.

Sisi tulifunga ndoa pale pale mchangani. Mchungaji alivua viatu ili asivichafue, wimbi likaja likachukua kimoja, mahubiri yakasimama mashemasi wawili wakiingia majini na suti zao. Gauni la bibi arusi lililowa mpaka magotini likawa zito kama gunia la muhogo, naye akacheka mpaka shela ikamdondoka. Mimi nilikula samaki, mikebuka kumi na minane, na hapo nimepunguza ili nisionekane mwongo. Tulilala siku tatu katika chumba cha mwisho, dirisha likitazama rasi ya Ubwari ng'ambo ya maji, tukiamshwa na kelele za wanawake waanika ndagala, wale dagaa wetu. Sijawahi kuwa na siku tatu nyingine kama zile.

Sasa sikiliza ubaya wa maneno ya kinyozi. Kila nilipoikumbuka siku ile, nilimwona yule mama pembeni, ameshika ndoo. Zamani katika kumbukumbu zangu hakuwa na ndoo. Baada ya kunyolewa akawa nayo, na kila siku ilizidi kuwa kubwa.

Ugomvi wetu wenyewe, kwa kipimo changu, ulikuwa mdogo. Siku ya kupewa cheti nilisimama mbele ya watu nikatoa hotuba ambayo naweza kusema ilitikisa mabati. Nilishukuru walimu, wanafunzi wenzangu, mchungaji, hata taa tuliyosomea. Mke wangu, aliyelima shamba peke yake miaka yote ile niliyokuwa nakaa kwenye benchi kila jioni, nikamsahau. Siku ya tatu akafunga nguo zake akapanda pikipiki. Nikajiambia: hapana, mtu haachi nyumba kwa hotuba. Kuna kitu nyuma yake. Ndipo nikamwandikia baba mkwe barua ya kurasa nne, yenye aya na nukta mahali pake, nikimweleza habari ya mchanga. Jibu halikuja. Hilo nalo likanitia shaka.

Halafu binti wa shangazi wa mke wangu akatangaza harusi, na ikawa pale pale ziwani. Nikajua mke wangu atateremka. Nikafika siku mbili kabla, nikaomba chumba kile kile cha mwisho, nikiwa na nia mbili: kumrudisha mke wangu nyumbani, na kumkamata mwizi.

Yule mama alinipokea vizuri mno. Mtu asiye na hatia hapokei vizuri namna ile.

"Karibu, bwana arusi wa zamani! Bibi iko wapi?"

"Anakuja."

"Mm," akasema.

Ile "mm" niliipima mchana kutwa. Jioni nikamkuta kando ya ukuta anasuuza ndoo.

"Mama, hii ndoo ni ya nini?"

"Ya kuchota."

"Kuchota nini?"

"We papa, ndoo inachota kitu yenye itaingia mule!"

Jibu la mtu anayeficha. Tangu hapo sikukanyaga mchanga bila kufuta nyayo zangu kwa tawi, nikirudi kinyumenyume kama kaa.

Jumamosi mke wangu akafika na mashangazi zake kutoka Fizi, amevaa kitenge cha kijani nisichokijua. Kitenge kipya, nani kamnunulia? Alinisalimia kama watu wanavyomsalimia askari kwenye kizuizi: kwa adabu, bila kufungua mzigo. Palikuwa na nafasi kwenye benchi karibu naye. Aliitazama ile nafasi, akanitazama mimi. Lakini maharusi walikuwa wanaelekea majini, na nyayo zao zilikuwa zinabaki nyuma bila mlinzi. Nikawafuata na tawi langu.

"Huyu mkwe wetu amepoteza nini?" shangazi mmoja akauliza.

"Akili," mwingine akajibu, na benchi zima likaanguka kwa kicheko. Mke wangu hakucheka. Nilipogeuka, ile nafasi ilikuwa imekaliwa.

Asubuhi ya Jumapili nilikuwa nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, nimelala kifudifudi. Yule mama akatoka na ndoo. Akapita mchanga wote wa Baraka, mchanga usio na mwisho, akaenda kuinama pale pale maharusi waliposimama, akaanza kuchota. Niliruka kutoka kule nikashika mkono wa ndoo.

"Nimekukamata! Kigoma nani anapokea?"

"Kigoma? Papa, umelewa na asubuhi hii?"

Yeye akavuta, mimi nikavuta, mchanga ukatumwagikia miguuni. Milango ikafunguka. Mke wangu akaja mbio, amejifunga kanga begani.

"We bwana, achia ndoo ya batu!"

Nikamwambia yote hapo hapo: kinyozi, Kigoma, vitanda, baridi. Nikamwambia huyu ndiye aliyetutenganisha. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Yule mama alikuwa ameshakaa chini, anapangusa macho kwa kucheka. Mke wangu akachukua ndoo mkononi mwangu, akamrudishia, kisha akaniambia, polepole, kama mtu anayemsomea mtoto:

"Hii muchanga ni ya kukaangia karanga. Bamama bote ba hapa banafanya vile: banaipasha moto ku sufuria, banatia karanga, haziungui. Anachota hapa sababu hapa hapaanikwe ndagala, hapanuke samaki. Hakuna mutu aliiba kitu. Barua yako ilifika. Baba aliisoma mbele ya bandugu, bakacheka mpaka machozi. Mi sikucheka. Mi nilikuwa nangoja bwana yangu apande Fizi yeye mwenyewe, akae chini mbele ya baba, aseme: nilikosa, nimekuja kuchukua bibi yangu. Ni ile tu. Miezi mbili, kila pikipiki yenye ilikuwa inapanda, nilikuwa natoka inje kuangalia. Haikukuwa we."