Mama yangu alichambua galaksi kama maharagwe

Jumapili, tarehe tisa Machi, Oyugis. Mvua ilianza kupiga mabati saa nane mchana.

Wakuu, habari zenu. Naandika vile ilikuwa, siongezi chumvi. Mimi niliishia darasa la nane, kwa hivyo mwenye kujua sayansi anirekebishe polepole.

Binti yangu Atieno alikuwa anatengeneza chati ya galaksi, yale makundi makubwa ya nyota. Alichapisha picha pale cyber, akazikata.

Kumbe wataalamu huzipanga kwa umbo. Kuna zile laini kama yai, kuna zenye mikono iliyojikunja, na kuna zile hazina umbo linaloeleweka.

Mwalimu alisema chati ikikosa kundi hata moja, mwenyewe haendi kuwakilisha shule kwa mashindano Homa Bay. Na inatakiwa kesho.

Atieno akatoka kutafuta gundi. Mama yangu, ambaye watoto wanamwita Dani, yaani nyanya, akaamua kumsaidia. Akamwaga picha kwa ungo.

Mtoto akarudi. "Dani, zingine ziko wapi?"

"Zile mbovu? Nimetupa nje na makapi."

"Aki Dani! Hizo ndizo kundi la tatu!"

"Kundi gani hilo? Hata kichwa na mkia haijulikani. Wewe hupika maharagwe na mawe?"

Sitaki kupendelea mtu hapa. Atieno alikuwa na haki ya kulia. Lakini kwa Mama, kuchambua ni kutoa kibaya, maisha yake yote. Hata mimi ningezitupa, nadhani.

Tulitoka kwa mvua sisi watatu. Tukazipata kwa matope kando ya banda la kuku. Moja ilikuwa imedonolewa.

Mama akazianika karibu na jiko. "Sasa hizi ziliharibiwa na nani?"

"Zingine zilivutwa na galaksi jirani, Dani. Ni gravity. Zikapinda."

Akaishika ile ya kudonolewa, akaiangalia sana.

"Kumbe si makosa yake."

Akaipaka gundi mwenyewe, akaibandika. Chati ikatimia, ina matope kidogo.

Sijui mwalimu atasema nini. Somo langu, kama nimelielewa: kabla ya kutupa, uliza kwanza unachambua kwa ajili ya nini. Ama nyinyi mnaonaje? Mngeziacha?

Jioni tulikula nyoyo, yaani mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, aliyochambua Mama mwenyewe. Nikauma kijiwe.

Nikamwangalia Mama. Akaendelea kula.