Tumbo la Kabeji

Daktari alinitazama kiunoni kwanza, halafu usoni, nikajua mazungumzo yetu yanaelekea wapi. Nilikuwa nimetoka Karatu mpaka Arusha kumuuliza kwa nini miaka minane ya ndoa haijaniletea mtoto, naye akanijibu kwa kunyoosha kalamu kuelekea tumboni kwangu. "Punguza uzito, dada. Homoni zako zimevurugika. Ukipungua, siku zako zitakaa sawa, na mimba inaweza kushika." Acha wanga, acha sukari, rudi baada ya miezi sita. Hata pole hakunipa. Nikashuka ngazi, nikanunua maandazi mawili nje ya geti na kuyala nimesimama, kwa hasira.

Mimi ni mtoto wa Kilimanjaro. Nimelelewa kwa mtori na ndizi za kila namna, na nilipoolewa Mbulumbulu, kwenye mahindi na ngano, nililishwa ugali mpaka nikasahau kwamba niliwahi kuwa na kiuno. Kumwambia mtu kama mimi aache wanga ni kumwambia ahame kwao mara ya pili.

Lakini sababu ya kuhama nilikuwa nayo. Mama mkwe wangu alikuwa na mdomo ambao sijawahi kuona wa kuulinganisha nao. "Wachaga wanajua kuhesabu kila kitu," aliwaambia majirani siku moja, nami nimekaa palepale nikichambua maharage, "ila huyu wa kwetu hana cha kuhesabu." Wakacheka. Nami nikacheka, maana ukinuna unaambiwa una roho mbaya, ndiyo maana hupati. Kwa mwanawe, dereva wa watalii ambaye hajawahi kumjibu mama yake neno, alikuwa ameanza kusema kwamba mwanaume hafungwi na cheti cha ndoa. Kulikuwa hata na binti anayetajwa, mwimbaji wa kwaya kule Rhotia, mwenye nyonga za kuzaa. Nyonga hizo nilisimuliwa na mama mkwe mwenyewe, kwa undani, tukila.

Basi nikaanza. Nilijiunga na kundi la WhatsApp la kocha mmoja wa lishe aliyekuwa Dar es Salaam. Kila mlo unapiga picha sahani yako, unaituma, yeye anaihukumu. Ugali hapana. Wali hapana. Viazi, mkate, chapati, makande, hapana. Maharage niliyaombea msamaha, akakataa. Yaliyobaki ni mayai, nyama, parachichi, mtindi na majani. Nafanya kazi mapokezi kwenye loji moja ya Karatu, na jikoni kwetu koliflawa na kabeji hazikosekani kwa ajili ya wageni, kwa hiyo nikala kabeji. Nilikula kabeji mbichi, kabeji ya kukaanga, kabeji na nyama, na koliflawa iliyosagwa ikafanywa ijione wali. Wenzangu kwenye kantini walimega ugali na maharage yanayonukia kitunguu, mimi natafuna kama mbuzi. Mpishi alinitazama wiki mbili hivi, kisha akatoa hukumu yake: "Dada, unakula kama mgeni, unavimba kama mwenyeji."

Na alikuwa sahihi, mshenzi yule. Kilo zilitoka kwa kuombwa. Karibu na stendi kuna muuzaji wa duka la dawa mwenye mzani wa kupimia watu na mdomo wa kuwatangazia. "Mama wa mapokezi, bado uko palepale!" alipaza sauti mbele ya wateja waliokuja kununua dawa za minyoo. Kidogo kilichopungua kilitoka mashavuni na matakoni, mahali ambapo mume wangu hakuwa amelalamika. Tumbo ndilo lililobaki, tena likaongezeka. Asubuhi lilikuwa tumbo, jioni lilikuwa ngoma. Lilikuwa gumu, limenyooka mbele, limejaa upepo. Sketi ya sare ikakataa zipu, nikaifunga kwa pini na kuvaa sweta refu juu yake. Debe tupu haliachi kuvuma: siku moja nilikuwa namkabidhi mgeni ufunguo wa chumba, tumbo likatoa mlio mrefu, na yule mgeni akageuka kutazama bustanini akitafuta mnyama.

Nilimwandikia kocha. Akasema mwili unazoea, niongeze mboga. Nikaongeza mboga. Nikamwandikia tena kwamba navimba zaidi, akanijibu mbele ya kundi zima: "Mvumilivu hula mbivu." Ndizi mbivu mwenyewe alikuwa amenikataza.

Nilikuwa karibu kuacha. Kilichonizuia ni kwamba, katikati ya balaa hilo, watu walianza kuwa wema.

Alianza mama mmoja wa kufua mashuka pale loji, mwenyeji wa Nainokanoka, kwa wafugaji, mtu wa maneno machache. Tulikuwa tunakula, akanyoosha mkono, akachukua vipande viwili vya nyama kwenye sahani yangu na kuvihamishia kwake. "Inatosha," akasema, kwa upole kabisa. Nilidhani ni njaa yake. Kesho yake akafanya hivyohivyo, na akanibebea ndoo ya maji ambayo sikuwa nimeomba ibebwe.

Kisha mume wangu. Barabara za huku zina matuta yasiyo na huruma, na yeye amezoea kuyaruka kama anayewahi geti la hifadhi. Akaanza kuyapanda polepole nikiwa ndani ya gari. Akaacha kuniuliza soksi zake ziko wapi. Alikuwa akirudi kutoka kuwatembeza watalii kwenye kreta, badala ya kujitupa kitandani, anakaa pembeni yangu, ananitazama kama anayengoja niseme kitu. Mimi nilikuwa nimebana upepo.

Na mama mkwe. Alikuja kwetu Karatu kutoka Mbulumbulu bila kuitwa, na maziwa na mayai ya kienyeji, akakaa nasi siku kadhaa. Sikula ugali wake, nikajiandaa kwa matusi, na yeye akasema, "Mwache, chakula kinamkataa," akaniondolea sahani. Nilibeua mezani, jambo ambalo mwaka uliopita lingenipa jina la kudumu, yeye akanisugua mgongo. Alinifulia nguo. Mama mkwe wangu, aliyewahi kunirudisha kisimani mbele ya wageni kwa sababu ndoo haikujaa, alinifulia nguo! Akaacha kuniita "Mchaga wako" akizungumza na mwanawe. Akaniita mwanangu. Binti wa Rhotia na nyonga zake wakatoweka katika mazungumzo.

Siku ya mwisho kabla hajaondoka tulikaa jikoni wawili tu, akanisimulia mtoto wake wa kwanza, msichana, aliyekufa kabla hajatambaa. Hata mume wangu hakuwa akijua habari zake. Alisimulia akinitazama tumboni, si usoni. Sikulijali hilo. Mimi mama yangu alifariki nikiwa shule ya msingi, na sikuwahi kuwa na mwanamke mzima wa kunisimulia kitu cha namna hiyo. Nilimshika mkono. Mkono wake ulikuwa mgumu kama mpini, na hakuuondoa.

Nilijieleza mambo kwa namna yangu. Nilijiambia wameona ninavyojitesa, wameniheshimu. Nilijiambia moyo wa binadamu si jiwe. Ningeweza kujiambia lolote, nilikuwa na furaha. Nikaendelea kula kabeji.

Halafu maharage yakavunwa, tukaitwa Mbulumbulu Jumapili baada ya ibada. Ukoo wote ulikuwapo. Nilipojaribu kuinuka kusaidia kupakua, wifi zangu wakanikalisha kwenye kiti chenye mto, kiti cha baba mkwe marehemu, na mama mkwe akaniletea bakuli langu peke yangu, supu ya kondoo yenye mafuta juu. Baba mdogo wa mume wangu, mzee wa kanisa, akasimama kuombea chakula. Aliomba kwa Kiswahili kwa ajili yangu, maana Kiiraqw changu, lugha ya ukweni, ni cha sokoni. Akashukuru mvua, akashukuru mavuno, akawaombea wasafiri. Kisha akashusha sauti.

"Na huyu mgeni wetu aliye njiani, Bwana, uliyengoja nasi miaka yote hii, umlinde tumboni mwa mama yake mpaka tumpakate."

"Amina," wakasema wote.

"Amina," nikasema nami, kwa mazoea, na ndipo neno likanifikia.

Nikafungua macho. Mume wangu alikuwa bado ameyafumba yake, anatabasamu. Huko hakuna anayekuuliza kuhusu mimba. Mimba haitajwi mpaka mwenye nayo aseme, ama ijitaje yenyewe, kwani ukiitaja unaweza kuifukuza. Wanatazama tu na kunyamaza, na kukubebea ndoo. Mimi nilikuwa nimewapa kila dalili: nachagua chakula, nabeua, nanuka kabeji, sketi haifungi, na siku zangu, zilizokuwa zikija zinapotaka, miezi hiyo hazikuja kabisa. Hata yule mama wa Nainokanoka nilimwelewa hapo. Kwao mjamzito hupunguziwa nyama na maziwa ili mtoto asikue sana tumboni akashindwa kutoka. Alikuwa ananisaidia kuzaa.

Wenye akili wangenyamaza mpaka nyumbani. Mimi nilisimama, nikamfuata mama mkwe jikoni. Sikuweza kumeza supu ile. Ilikuwa si yangu.

"Mama," nikamwambia, "sina mimba."

Alikuwa anachochea moto. "Usiseme hivyo, mwanangu. Shetani anasikia."

"Sina, mama, nilipima. Ni gesi. Ni kabeji."

Akaacha kuchochea. Nikamweleza yote, haraka haraka, daktari, uzito, homoni, wanga, kocha wa Dar es Salaam. Nikamwambia ninafanya haya kwa ajili ya huyohuyo mtoto, ili aje. Nilisikia jinsi maneno yangu yalivyokuwa ya kijinga mbele ya sufuria ya ugali wa watu ishirini. Tumbo likachagua dakika hiyo kunguruma.

Akalitazama. Alilitazama kwa muda mrefu, na nikaona lilivyokuwa likibadilika machoni pake, kutoka mjukuu kuwa uchafu.

"Mwanamke anayetafuta mtoto," akasema, "anajinyima chakula."

"Daktari ndiye..."

"Na mwanangu anajua?"

"Hajui, mama. Nimeona anavyotabasamu. Na yeye alikuwa anangoja nimwambie."

Akaketi kwenye kigoda. Nilitegemea matusi, na kusema kweli niliyataka, matusi yake nilikuwa nayajua njia. Hakutukana. Alijifuta majivu mikononi, kidole kimoja kimoja, na aliposema alisema taratibu, kama anayetaja bei ya debe la maharage.

"Nilikuwa nimeshaanza kukupenda."

"Hata mimi, mama," nikamjibu. Ilikuwa kweli, na iliniuma kuliko kitu chochote nilichowahi kuambiwa katika nyumba ile.

Akainuka, akajifunga kanga upya, akatoka nje walipokuwa wakila. Nikamsikia akiwaambia kwa Kiiraqw. Maneno yalikuwa machache. Kijiko kikagonga sahani, kisha mwanaume mmoja akacheka. Nilisimama nyuma ya mlango, nimeshika tumbo langu kwa mikono miwili, nikimwomba Mungu asiwe mume wangu.