Tulipopanga Kazi kwa Redio

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Meru, Mkurugenzi alinionyesha meza, kiti na redio ya mawasiliano. Akasema, "Wewe ndiye afisa mipango. Watu wako utawasikia. Kuwaona ni bahati." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ilikuwa miaka ya tisini. Shirika letu lilihudumia wakulima na wafugaji, na vituo vilitawanyika: Timau kwenye baridi, Nchiru, mpaka Kiritiri kule chini Mbeere kwenye jua kali. Kila asubuhi vituo vyote vilifungua redio pamoja, kila kimoja kikisikia vingine. Hapo ndipo tulipotunga mpango mkakati, yaani shirika linakwenda wapi kwa miaka mitano, kwa njia gani, na viashiria gani, ndizo alama, vitatuonyesha kwamba tumefika.

Mimi sikuwa mtu wa kutulia. Mkurugenzi akiuliza swali, vituo vinajibu "tunaweza," kisha "ovaa" ya kuonyesha umemaliza kusema, haraka haraka kama watoto darasani. Ilinikera. Kazi gani hiyo isiyo na hata mtu mmoja wa kunung'unika?

Mwaka wa kwanza Kiritiri ilianguka. Ilikuwa imekubali kukusanya wafugaji mwezi wa kumi, wafunzwe na mbuzi wao wachanjwe dhidi ya homa ya mapafu. Hakuja mtu. Mkurugenzi akasema kituo kifungwe. Nilikuwa siketi, sisimami. Kikifungwa, mfugaji wa Mbeere atafuata chanjo hadi Embu mjini, na mbuzi akianza kukohoa hangoji mtu. Nikachukua gari la ofisi nikateremka.

Msimamizi wa kituo, Mama Njeru, hakuzunguka. "Mwezi wa kumi mvua inaingia, Bwana Mipango. Kila mtu yuko shambani anapanda mawele na kunde. Nani ataacha mbegu aje mkutanoni?"

"Na mbona ulikubali?"

"Ai! Nimkatalie mzee, na Timau na Nchiru wanasikia? Mimi nililelewa, bwana."

Maneno hayo yalinichoma. Kumbe katika mpango mzima tulikuwa tumeandika adabu ya watu, si uwezo wao.

Nilirudi Meru nikamweleza Mkurugenzi. "Kama hawezi, angesema," akanijibu.

"Angesemaje, mzee, na ulimuuliza mbele ya watu?"

"Uamuzi ni uamuzi. Jumatatu natangaza."

Jumatatu akashika kipaza sauti. "Kituo cha Kiritiri kitafungwa. Tumekubaliana?" Timau ikaitikia. Nchiru ikaitikia. Hata Mama Njeru akaitikia: "Tumekubali, mzee. Ovaa."

Nikamnyang'anya Mkurugenzi kipaza sauti. "Mimi nakataa! Kiritiri iulizwe mwezi wake, si wetu. Ovaa!"

Redio ikakoroma tu. Nikajua kazi imeniponyoka, na watoto wangu bado wanasoma. Kisha msimamizi wa Timau, mtu mzima na mpole sana, akakohoa. "Timau hapa. Hata sisi tulipewa mwezi wa kuvuna ngano. Tuliona aibu kusema."

Mkurugenzi akanyoosha mkono bila kunitazama. Nikamrudishia kipaza sauti. Akakibonyeza, akasema, "Kiritiri, taja mwezi."

"Wa nane, mzee," Mama Njeru akajibu taratibu. "Mavuno yakishaingia ghalani."

Kituo kilibaki. Tangu hapo, kabla ya kupanga lolote, nilikwenda kila kituo nikaketi na msimamizi peke yetu. Redio ikawa ya kutangazia tu. Mkurugenzi aliniita mkaidi mpaka alipoondoka, na sikubishana naye.

Sasa nimestaafu, na kukaa nyumbani kunanishinda. Nyinyi vijana mnapanga kwa simu, kila mtu kwake. Nikisikia "sawa, sawa" zikifuatana hivyo, mwili unaniwasha. Mwulizeni mtu akiwa peke yake kwanza, jamani, na mngoje jibu.

Siku ya kuniaga, mkurugenzi mpya alisimama akatangaza kwamba vituo vyote vimekubali niende nikapumzike. Mama Njeru akainuka mbele ya wageni wote, wakubwa kwa wadogo.

"Kiritiri haijakubali," akasema.

Watu wakacheka. Mimi nililia.