Mkono Uliotoka Dirisha la Dawa

Siku ya kwanza kazini niliambiwa niwashe moto ili tupate baridi. Nikajua nimeajiriwa na vichaa.

Ilikuwa hapa hapa Lushoto. Mimi kijana wa kubeba viazi sokoni, shule nilikuwa naipita kwa nje nikiwa na gunia kichwani. Aliyenichukua ni Matroni, mkubwa wa manesi wa hospitali, mama mwenye sauti ya kusimamisha basi la Mombo katikati ya kona. Akanisimamisha mbele ya friji ya mafuta ya taa.

"Washa utambi."

"Mama, nikiwasha si itapika?"

"Wewe washa. Moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano unatoa moshi, friji inakataa, chanjo zinakufa, na wewe nakuzika nazo."

Nikawasha huku namwomba Mungu. Kesho yake nikatia mkono ndani, baridi kama mwezi wa saba! Mpaka leo sijaelewa moto unazaaje baridi, na sitaki kuelezwa, utamu utaniisha.

Cheo changu kilikuwa mhudumu. Mhudumu ni kufagia, kuchemsha sindano na kubeba sanduku. Siku zile sindano zilikuwa za kioo, zinachemshwa kama mayai, na ncha zake nene! Ukichomwa wewe, mwanao anaruka nyumbani. Ila kazi niliyoipenda ni sanduku la baridi. Lina kuta nene, ndani unapanga barafu pembeni, katikati chupa za chanjo na kipimajoto. Mshale usipande kupita nyuzi nane, usishuke chini ya mbili. Watu wanadhani baridi ikizidi ndiyo vizuri. Hapana. Zipo chanjo zikiganda zimekufa, hata uzianike juani hazifufuki. Ndiyo maana barafu ikitoka kwenye friji unaiacha mezani kwanza itoe jasho, halafu ndiyo unaipanga. Matroni alinifundisha hilo kwa kunipiga kofi la mgongo, kwa hiyo sijalisahau.

Nikahamishwa upande wa Rangwi, nikahamishwa tena kwenye zahanati ya huko juu zaidi, ambako mwezi wa saba kuku hutaga mayai yamevaa sweta. Njia yenyewe ina kona nyingi mpaka nyoka akiipita anauliza. Nimeipita na sanduku begani miaka na miaka. Sindano za kioo zikaenda zao, zikaja za plastiki za kutupa. Friji ya utambi ikaondoka, ikaja ya jua. Niliilia ile ya utambi kama shangazi yangu.

Sasa nije kwenye chanjo ya mafua.

Nilikuwa nimebakiza kidogo kustaafu. Mkubwa wetu pale alikuwa Mganga Mfawidhi, yaani msimamizi wa zahanati, kijana mpole, anaongea kama anaogopa kuamsha mtoto. Akatuita akasema zimepatikana chanjo chache za mafua, na zitaanza kwa wenye ugonjwa wa moyo.

Nikacheka. "Mganga, mafua ni ya pua. Moyo umekosa nini?"

Akaniuliza, "Baba Hoza, umeshaona pikapu bovu likipanda kutoka Mombo na viazi?"

"Nimeshalisukuma."

"Basi moyo mgonjwa ndiyo pikapu hilo. Tambarare linakwenda. Mafua makali yakija, na homa, na kifua kubana, ni kama umeliongezea gunia juu ya gunia halafu unaliambia lipande. Linaweza kuzimika kwenye kona. Chanjo haitengenezi injini. Inapunguza magunia."

"Na ukichanja umemaliza?"

"Kila mwaka. Mafua hubadilisha koti, mwaka huu si lile la mwaka jana."

Hapo hapo nilimkumbuka Singano.

Mzee Singano alikuwa mpasua mbao, jirani yangu na mtani wangu. Enzi zake alikuwa anapasua gogo asubuhi, jioni watu wanalala kwenye kitanda chake. Halafu moyo ukatanuka, miguu ikavimba, akawa anahema akifunga kamba za viatu. Baridi mbili mfululizo mafua yalimshika, na mara zote mbili tulimshusha kwa machela. Mimi ndiye niliyeshika upande wa kichwa. Mara ya pili midomo ilikuwa ya rangi ya zambarau, akawa hata kunitukana hawezi. Singano kushindwa kunitukana! Mganga alituambia hapo hapo: moyo huu hauna safari ya tatu.

Basi siku ya chanjo ikafika. Nimetoka Lushoto na sanduku alfajiri, na jioni lilitakiwa lirudi na chanjo zilizobaki, zinangojewa na zahanati nyingine, na barafu haingojei mtu. Mganga mwenyewe ameitwa mkutanoni. Mchomaji amebaki mmoja, Nesi Zubeda.

Singano akaja, amevaa makoti matatu, anapumzika kila baada ya hatua mbili. Akaketi. Nesi Zubeda akageuka, akamwona, akapiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu." Mzee akasimama. "Nilipita kusalimia tu."

Akatoka! Maana Zubeda ni mke wa mwanawe mkubwa. Mkwe. Kwa watu wa rika la Singano, mkwe hakuoni ukila mdomo wazi, sembuse kukuvulia shati ukamwonesha bega.

Nikamkimbilia nje, nikamwita Kisambaa, mwanaume kwa mwanaume. "Mghoshi, unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Na chanjo?"

"Nimwoneshe mkwe wangu kwapa? Bora nife na koti langu."

"Ukifa tutakuvua tu, tukuoshe."

"Utanivua wewe. Si yeye."

"Singano, mimi sikubebi tena kwa machela. Mzito kama mvule."

"Nani kakuomba? Wewe kubeba unajua barafu tu."

Lakini alisema huku ameegemea ukuta, anatafuta pumzi. Nikaona ile midomo tena, akilini.

Nikarudi ndani. Zubeda kakaa, macho yamelowa. "Baba Hoza, na mimi siwezi kumshika bega. Yule ndiye aliyenitolea mahari. Lakini sanduku likiondoka leo…"

Nikatazama huku na huku, macho yakatua kwenye dirisha la dawa. Ni kitundu kwenye ukuta kati ya stoo na baraza, chenye kibao cha kufungia, mgonjwa ananyoosha mkono anapewa vidonge. Nikasema, kama mkono unaingia kuchukua dawa, si unaweza kutoka kuifuata?

Nikamwingiza Singano stoo pamoja na wazee wengine wawili wa moyo, mmoja mzee wa kanisa. Nikawaambia mikono itatoka mmoja mmoja, nesi hatajua upi wa nani. Zubeda akaenda barazani. Mimi stoo, navua koti moja moja, nafunika bega kwa khanga, naacha ngozi kiasi cha kifuniko cha chupa.

Mkono wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Ukatoka wa tatu, na chini ya kiwiko kovu la msumeno refu kama barabara. Nchi nzima inalijua kovu lile.

Zubeda akasema kutoka nje, "Uliza huo mkono kama una homa leo."

Singano akaninong'oneza. Nikajibu, "Mkono unasema hauna."

"Uliza kama uliwahi kuchanjwa ukavimba au ukakosa pumzi."

"Mkono unasema ulivimba siku ulipooa."

Singano akanipiga teke, na alikuwa hana pumzi! Akanong'ona jibu la kweli, nikalipeleka: hapana, haujawahi.

Nikasikia pamba inapita. Halafu sauti ya Zubeda, ndogo, ya heshima kabisa:

"Shikamoo."

Singano akanikodolea macho. Akijibu, amejulikana. Asipojibu, ameacha shikamoo inaning'inia hewani, na huo ni utovu wa adabu ambao hata marehemu hasamehewi. Jasho likamtoka kuliko barafu yangu. Mwisho akafumba macho.

"Marahaba, mwanangu."

Sindano ikaingia. Hakuna aliyecheka. Mzee wa kanisa alijiziba mdomo kwa kofia. Mimi nilingoja tumalize, tuwakalishe kidogo kuona kama kuna anayedhurika, sanduku nilitie begani, nivuke mto, ndipo nikacheka mpaka nyani wakahama msitu.

Baridi ile mafua yalimpitia Singano, sitawadanganya. Alikohoa, akalala kitandani na uji wake. Machela ilibaki imeegemea ukuta. Siku ya nne alinitukana kupitia dirishani, nikajua amepona.

Nikastaafu, lakini kila mwaka chanjo zikija nilikuwa namsindikiza stoo. Alinyoosha mkono, mkono ukasalimiwa, ukaitika. Alipata baridi nyingine za kutosha kuona mjukuu anafunga kamba za viatu mwenyewe. Alikuja kufa wakati wa jua, mzee kabisa, usingizini, pichesi zimeiva. Koti nilimvua mimi, kama tulivyokubaliana.

Mwaka huu Mganga kanisikiliza kifua, akasema na langu pikapu limeanza kupiga miluzi mlimani. Nikaenda kuchanja. Mimi si mkwe wa Zubeda, hakuna cha kuficha, na sindano nimezibeba maisha yangu yote. Lakini nilipoiona ncha imenielekea mimi, miguu ikanipeleka stoo yenyewe. Nikakaa kwenye kigoda cha Singano, nikanyoosha mkono dirishani.

Pamba ikapita. Kisha Zubeda, naye mvi zimeshamwingia, akasema:

"Shikamoo, mkono."

Nikangoja kidogo, ikiwa kuna mwingine atakayejibu.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Choma taratibu."