Watu Sita wa Nyumba Yetu

Mradi wa damu ulipofika kijijini kwetu, upande wa Tinde, aliyejua kuandika nyumbani nilikuwa mimi peke yangu. Nilikuwa msichana niliyemaliza darasa la saba, mwenye haya, na mkono wangu ulikuwa mzito. Baba alizoea kunitania, "Wewe huandiki, unapalilia pamba." Lakini fomu ilipoletwa, alinikabidhi mimi.

Kwanza kulikuwa na mkutano shuleni. Walikuja Wazungu wa nchi tatu, daktari kutoka Dar es Salaam, na nesi mmoja Msukuma aliyekuwa akitafsiri. Mgeni wa serikali alisimama akasema ukimwi hauna mpaka, kwa hiyo dunia nzima imeungana, na sisi tumechaguliwa kuisaidia dunia.

"Na dunia itatusaidia nini sisi?" mzee mmoja akauliza.

Nesi akajibu kwamba kila atakayeandikwa atapimwa damu, na akiugua chochote ndani ya miaka miwili atapewa dawa bure, hata zile ambazo zahanati haina.

"Hiyo damu mnaipeleka wapi?" akadakia mama mmoja.

"Maabara."

"Maabara au kiwanda cha sabuni?"

Watu wakaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, nimejiziba mdomo kwa kanga.

Dada yangu hakuja mkutanoni. Alikuwa amerudi nyumbani miezi michache kabla, kutoka machimbo ya Geita, akiwa na begi moja na kikohozi. Mume wake alikuwa mchimbaji. Alikonda, akaharisha, akafa. Ndugu za mume, watu wa Masumbwe, walimzika wakakaa kimya. Hawakuja kumchukua dada, wala hawakudai ng'ombe wao wa mahari.

Tulijaza fomu asubuhi, uani. Nikasoma kwa sauti: andika majina ya watu wote wanaoishi katika nyumba hii. Baba akataja: yeye, mama, bibi, wadogo zangu wawili wa kiume, na mimi. Halafu akasema, "Basi."

"Na dada?"

"Dada yako si wa hapa. Ng'ombe wake wamo zizini."

Kwetu watu walihesabiwa hivyo. Binti akishatolewa ng'ombe ni mtu wa kule, na akilala kwenu hata mwaka mzima, ni mgeni. Tena baba alikuwa na hofu. Kumwandika dada kwake, kwenye karatasi iliyoletwa na serikali, aliona ni sawa na kutangaza kwamba ndoa imekwisha. Wale wa Masumbwe wangekuja na fimbo kuswaga ng'ombe wao, na baadhi ya ng'ombe hao walishatumika kumlipia mahari kaka yetu mkubwa aliyehamia Nkome.

Mlango ulikuwa wazi. Dada alikuwa amelala ndani, akasikia yote.

"Andika anavyosema baba, mdogo wangu," akasema. "Usibishane."

Nikaandika watu sita. Fomu ilikuwa na mistari kumi, minne ikabaki mitupu. Baba hakujua kusoma hata herufi moja, wala mama. Ningeandika jina la saba, asingejua mtu. Siku ile halikunijia hilo. Nilichowaza ni mwandiko usipinde.

Kiangazi kilipokolea, mdomo wa dada ukajaa utando mweupe mpaka kooni. Ugali ulimshinda, kisha uji, kisha hata maji. "Yananichoma kama pilipili," alisema. Jirani yetu alikuwa na utando huohuo, lakini yeye alikuwa ameandikwa. Mradi ulimpa vidonge, na baada ya wiki mbili nilimwona kwa macho yangu akila ugali na dagaa, anatafuna.

Mama akaniambia, "Mpeleke. Baba yako nitaongea naye mimi."

Nilimpakia dada kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, nikaisukuma nikitembea mpaka kwenye kituo cha mradi. Nesi alikuwa yuleyule.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, mwanangu. Namba ya mgonjwa?"

"Hana. Hakuandikwa."

"Kwani anaishi wapi?"

"Kwetu. Ila baba alisema ni wa Masumbwe."

Nesi alimwinua dada kidevu, akamtazama mdomo. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. "Ee, mayu," akasema, kama mtu anavyomwita mama yake.

"Mwandike sasa," nikamwambia. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu mzima afanye jambo.

"Orodha imefungwa, mwanangu. Ilishakwenda ng'ambo. Kila pakiti ya dawa imeandikwa namba ya mtu wake. Nikitoa moja pembeni, wakubwa wa nchi zote hizo wataona hesabu haikai, nao wanaweza kuwaachisha dawa watu wa kijiji kizima."

Akamwita daktari wa Kizungu, mama wa makamo. Wakazungumza Kiingereza kwa muda mrefu. Nesi akanigeukia: daktari ataandika barua kuomba ruhusa, lakini kamati inakaa mara mbili tu kwa mwaka. Yule mama hakuwa mtu mbaya. Alitoka nje akasimama karibu na gari lao, ametupa mgongo. Kama barua yake ilijibiwa, sikupata kujua.

Nesi alimpaka dada dawa ya zambarau, ndiyo aliyokuwa nayo. Njiani dada akanigusa bega. "Niangalie. Si nimepaka rangi ya mdomo kama wanawake wa Kahama?" Nilicheka ili asione nalia.

Alikufa kabla ya mvua.

Baba aliwaambia wadogo zangu na majirani wachimbe kaburi nyuma ya nyumba. Walipomaliza, pikapu ya kukodi ikaingia uani. Walikuwa mashemeji kutoka Masumbwe, wamepata habari.

"Shikamoo, baba. Poleni sana. Tumekuja kumchukua mtu wetu."

"Atazikwa hapa," baba akasema. "Ni mwanangu."

"Baba, ng'ombe wetu wako wapi?"

Baba akatazama zizi. "Wachukueni."

"Wote? Na wale waliokwenda kwa wakwe wa mwanao?"

Baba akawapisha mlangoni. Hakuna aliyepaza sauti. Walimbeba dada kwa heshima, wakamlaza juu ya godoro walilokuja nalo. Mama alishika ubao wa nyuma wa pikapu mpaka ilipoanza kwenda, akatembea nayo hatua kadhaa, akaachia.

Wadogo zangu wakarudi nyuma ya nyumba kulifukia lile shimo, wasije ndama wakatumbukia. Baba alichukua jembe akawafuata. Nilimsikia akiwaambia kwa sauti ya chini, "Polepole, polepole," kana kwamba ndani kulikuwa na mtu.