Shada la Sufu Lililoleta Sukari ya Matanga Mbotela

Jumapili, tarehe mosi Desemba 1996, ndiyo siku mambo yalipomwendea mrama Everline Nerima wa mtaa wa Mbotela, Nairobi. Alitundika mlangoni kwake shada la Krismasi alilotengeneza kwa sufu, la kijani lenye vitufe vyekundu, kisha akaingia ndani kukata sukuma wiki.

Hata sufuria haijachemka, jirani yake Triza akawa mlangoni, leso kichwani, kilo ya sukari mkononi, machozi yanamtoka.

"Mama Wakoli, mbona hukutuita? Nani ametuacha?"

"Ametuacha kwenda wapi?"

Mtaani hapa duara la maua ni la jeneza, basi. Wanawake wakajaa, majani ya chai yakaletwa, mtu akaanza wimbo. Ndipo mume wa Nerima, Masinde, akarudi kutoka zamu ya reli. Triza, aliyedhani ndiye marehemu, alipomwona alipiga yowe kubwa.

"Kumbe ni mimi?" akauliza Masinde. "Haya, nipeni chai yangu kabla hamjanizika."

Wiki moja baadaye, Nerima yuko kibarazani, mikono imezama kwenye karai la maji ya moto na povu la sabuni ya mche. Hajaacha kutengeneza mashada, wala hana mpango wa kuacha. Anatandaza sufu ya kondoo wa Molo tabaka juu ya tabaka, anaimwagia maji, anaiviringisha ndani ya gunia na kuikanda mpaka inashikana kuwa kitambaa kizito. Kikikauka anakikata vipande vya umbo la majani, anayashona moja moja kwenye duara la waya.

"Maji yakipoa, umeharibu," anasema. "Lazima yachome."

Hilo alilijua kiwandani, Industrial Area, alikoosha sufu ya blanketi kwa miaka kumi na mmoja. Huko maji ya moto yalikuwa kosa la kufukuzwa, maana sufu ikishasinyaa hairudi.

"Siku moja niliharibu mzigo mzima. Msimamizi alinitukana mpaka watu wakazima mashine wasikie vizuri," anacheka. "Kosa lile lile ndilo linanilisha sasa."

Kiwanda kilifungwa mwaka wa tisini na nne. Wakubwa wa serikali waliachilia mitumba ijae sokoni, wenye kiwanda wakatia geti kufuli, na watu mia tatu wakaambiwa waende nyumbani. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyelala njaa kwa ajili hiyo.

Nerima akaenda kufua nguo za watu Lavington, mtaa wa matajiri. Huko ndiko alikoliona shada la kwanza mlangoni.

"Na mimi nilimpa mama wa pale pole. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia ni la sikukuu. Nikaligusa, ni plastiki. Nikasema, hili hata mimi nalitengeneza, tena lenye joto."

Saado, mwenye duka la mapambo Eastleigh, alilishika shada la Nerima, akalivuta, akalipenda. Ila ana sharti.

"Dada, nyinyi Wakristo kubalianeni kwanza," alimwambia. "Nikilitundika dukani wateja wakaanza kunipa pole, nakurudishia yote."

Kwa hiyo riziki ya Nerima sasa inaning'inia kwenye mlango mmoja, wa kanisa. Likiwekwa pale, Mbotela yote italiona kuwa la furaha, na Saado atachukua. Likikataliwa, atarudi Lavington kufua.

Jumapili iliyofuata alilipeleka kanisani, limefungwa ndani ya leso. Mzee Shiundu, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, alilichungulia kama anayetazama nyoka.

"Mama Wakoli, siku ya kuzaliwa Bwana hatuweki vitu vya makaburini."

"Mzee, hili ni sufu ya kondoo. Bwana mwenyewe alizaliwa kati yao."

"Watu watadhani tuna msiba."

Hao ndio wenye kamati. Mwandishi wa makala haya alipofiwa na mkewe, waliomletea sukari ni majirani. Kutoka kwa wenye viti hakuja hata salamu. Msiba wanaujua kwa kuutazama mlangoni.

Nerima hakupandisha sauti. Alilitoa shada lote kwenye leso, akaliweka mezani mbele ya mzee.

"Nimelitundika siku moja tu, watu wakanijia na sukari na nyimbo," alisema. "Tulipofungiwa geti, watu mia tatu, wengine wa kanisa hili hili, hakuna aliyebisha hodi. Mzee, ule haukuwa msiba?"

Mzee Shiundu alisema atalipeleka suala hilo kwa kamati. Krismasi inakaribia, shada lingali mezani kwake, na kamati haijajibu.